Kilomita Tisa Hadi kwa Mubarak

Mimi si mtu wa kukimbia. Niseme hivyo mapema, maana siku hizi watu wananiona na raba miguuni wanadhani nilizaliwa nazo. Nilizaliwa na miguu minene, nikakua nayo, nikaolewa nayo, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa juu ya stuli yangu pale soko la Sofia, Busia, nikiuza vitenge. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba mwenye duka ni mkubwa. Nilikuwa na kilo mia moja na moja, na hapa mpakani mwanamke wa kilo hizo husalimiwa kwa heshima.

Kilichonitoa kwenye stuli ni figo.

Mdogo wangu Mubarak alikuwa dereva wa malori. Mwaka juzi figo zake zote mbili zilikufa. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa, mkewe Hajarah humpeleka Tororo kwenye mashine ya kusafisha damu, naye hurudi amenyong'onyea, hana nguvu hata za kugombana na mtu, na Mubarak ninayemjua mimi hajawahi kukosa nguvu za kugombana. Tukapimwa ndugu wote. Damu iliyopatana na yake ikawa yangu. Nililia kwa furaha mbele ya yule daktari wa Kampala, binti mwembamba asiye na mchezo, naye akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanionyesha mizani.

"Figo yako ni nzuri, mama. Wewe ndiye huwezi. Kwa uzito huu na presha hii sikuingizi kwenye chumba cha upasuaji. Rudi ukiwa na kilo themanini na sita."

"Na yeye atasubiri?"

"Atasubiri kadiri atakavyoweza," akasema. Jibu hilo nililibeba njia nzima mpaka Busia.

Lakini daktari alikuwa nusu tu ya shida. Nusu nyingine ilikuwa Mubarak mwenyewe. Baba yetu aliingia hospitali kwa miguu yake kukatwa ngiri, akatoka amefunikwa shuka, na Mubarak, wakati huo ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa amekaa nje ya mlango. Hajasahau. Nilipokwenda nyumbani kwetu upande wa Buteba kumweleza habari za figo, alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Dada, ngazi tatu za benki unazipanda umeshika ukuta. Halafu ulale pale ukatwe kwa ajili yangu? Ukifia mle ndani, nitamwambia nini Mama?"

"Sitakufa."

"Haya." Akacheka, kicheko cha kuniudhi. "Siku utakayokimbia kutoka Busia mpaka mlangoni hapa, kilomita zote tisa, bila kukaa chini, siku hiyo nitaichukua hiyo figo yako. Kabla ya hapo usiniletee maneno."

Hajarah hakucheka. Mama alikuwa anachambua maharage, akainama zaidi juu ya ungo. Mimi masikio yaliwaka moto. Nimembeba mtoto huyu mgongoni mpaka akawa na miaka minne, halafu ananidhihaki mbele ya mkewe. Nikaondoka bila kuaga, na kesho yake nikanunua raba.

Sasa, kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia mbio zangu mjini. Nilichagua kinjia cha nyuma ya soko, alfajiri, ili nisionwe. Mtu yeyote mwenye akili pale Busia angeniambia kwamba kinjia kile alfajiri ndiyo njia ya wanawake wanaovusha mali bila ushuru, tena vitenge huvivusha wamejiviringisha mwilini, ndani ya gauni, mpaka wanavimba. Mimi ni muuza vitenge. Nimevimba tayari. Nikaanza kukimbia.

Hatua hamsini tu, nikasikia filimbi. Wanawake waliokuwa nyuma yangu, walipoona mimi natimua mbio, wakajua askari wa ushuru wametokea mbele au nyuma, nao wakatimua kila mmoja kwa upande wake. Sukari ikamwagika. Katoni ya sabuni ya Adeke, jirani yangu wa sokoni, ikaingia mtaroni. Askari mmoja wa kike, Akiror, akanidaka mkono.

"Mama, toa kitenge."

"Kitenge gani?"

"Hii wewe nafunga hapa." Akanipapasa ubavuni. "Hii ni nini?"

"Tumbo."

"Na hii?"

"Tumbo pia!"

Akapapasa tena, polepole, uso ukambadilika. "Sasa wewe nakimbia nini?"

"Nafanya mazoezi."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Akiror hakucheka, aliniuliza kwa huruma kabisa kama naumwa. Adeke hakunisalimia kwa wiki mbili, na sikumlaumu. Nilikwenda dukani nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Kesho yake nikahamia barabara ya Tororo, ile inayopita kwetu Buteba, nikianzia nje kidogo ya mji, ambako hakuna anayevusha kitu.

Nilianza kwa nguzo za umeme. Nguzo moja kukimbia, tatu kutembea. Pumzi zilinitoka kwa sauti, mapaja yakachubuka mpaka nikawa nayapaka mafuta ya mgando kama mtoto mchanga, na madereva wa malori walinipigia honi. Mwezi wa pili ikawa nguzo mbili kwa mbili. Mwezi wa nne nikakimbia kilomita nzima bila kusimama, nikafurahi mpaka nikamwambia ng'ombe wa watu, maana hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Niliacha chapati. Hapo sitaeleza zaidi, bado inaniuma.

Kilichokuwa kibaya kuliko miguu ni kukosa utulivu. Nilikuwa nimekaa dukani mguu unacheza wenyewe chini ya meza. Mteja akichelewa kuchagua rangi, nilimnyang'anya kitambaa nikakikunja. Kila siku nilikuwa na hesabu moja tu kichwani, kilo zangu zinazoshuka upande huu na mwili wa Mubarak unaoisha upande ule, na sikujua kipi kitatangulia. Kila Jumanne na Ijumaa jioni nilimpigia Hajarah. "Vipi, wifi?" Naye alijibu neno moja, "Yupo." Nililala kwa neno hilo mpaka Ijumaa, na kutoka Ijumaa mpaka Jumanne.

Mubarak sikumwambia kitu. Alikuwa anasikia kwa watu kwamba nimekonda, akanipigia simu kuniuliza kama mume wangu ananinyima chakula. Nikamwambia ndiyo.

Mwezi wa saba mizani ya duka la dawa ilisema themanini na tisa. Zilibaki tatu, na daktari alikuwa ameniita tarehe kumi na nne. Lakini ningefanya nini na kilo themanini na sita kama mwenye kupewa figo hataki? Basi nikachagua Jumatano, siku ambayo huwa yuko nyumbani anapumzika baada ya mashine ya Jumanne. Nilikusudia nimkute amekaa kwenye kiti chake mlangoni, nitokee barabarani nakimbia, nisimame mbele yake, nimwambie, haya, sema tena. Jumanne jioni simu ya Hajarah haikupatikana, nikajiambia ni chaji tu, kesho nitawakuta.

Nilifunga duka saa tisa, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na hewa ilikuwa ya baridi. Nilivaa suruali ya mazoezi, gauni la mikono mirefu juu yake, mtandio nimeufunga nyuma ya shingo. Simu niliiacha. Kilomita tatu za mwanzo nilikwenda vizuri. Ya nne ina kilima, nikakimbia mwendo ambao mtoto anayetambaa angenipita, lakini sikutembea. Mbele huko Mwamba wa Tororo ulionekana wote baada ya mvua, nikaukazia macho nisiitazame miguu yangu.

Kilomita ya sita jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nilivuta ncha ya mtandio, nikawa najifuta uso huku nakimbia. Hapo ndipo Odoi, mwendesha bodaboda wa kijijini kwetu, mwanamume mzima mwenye ndevu na kiherehere cha watu kumi, alipopunguza mwendo kando yangu.

"Mama! Iko nini? Mbona wewe nakimbia?"

Nilitaka kumwambia naenda nyumbani, nimewekeana sharti na mdogo wangu, niache. Pumzi ya maneno yote hayo sikuwa nayo. Lilitoka jina peke yake.

"Mubarak," nikasema, nikajifuta macho.

Odoi akashika kichwa. Akasema kitu kwa Kisamia, akatia gia, akaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye pikipiki ile. Nikamshukuru Mungu kwamba ameniacha.

Kuanzia hapo watu wakawa wema ajabu. Walitoka majumbani kunitazama nikipita, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mbio zangu hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke aliyekuwa anatwanga akaacha mchi, akasema, "Pole, mama. Jikaze." Mwingine, "Pole sana. Mungu iko." Nikafikiri, kumbe hatimaye wapo wanaonielewa. Miezi saba nachekwa kule karibu na mji, na huku nisikowahi kukimbia wamejua si wazimu. Nilijikaza kwelikweli. Wanawake wawili waliojifunga leso viunoni wakanipita kwa miguu, wanatembea haraka, wameinamisha vichwa, nikaona aibu kwamba nakimbia na wanaotembea wananipita.

Kona ya mwisho kabla ya kwetu ina mashamba ya mihogo, huoni nyumba mpaka umeimaliza. Kabla sijaimaliza nikasikia vilio.

Ua ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vilikuwa vinateremshwa kwenye baiskeli. Sheikh Nasuru wa msikiti wetu alikuwa amesimama karibu na tangi la maji na kitambaa cheupe kwapani, bado kimo kwenye nailoni ya dukani. Kando ya kaburi la baba, wanaume watatu wa jirani walikuwa wanachimba. Walikuwa wamefika mapajani. Majirani zetu ni Wakristo, wao huweza kulaza maiti siku tatu wakisubiri watu, lakini wanajua sisi hatulazi, na kwa heshima yetu walikuwa wameanza kuchimba mapema ili tuwahi kabla ya magharibi.

Kiti cha Mubarak kilikuwa mlangoni, kitupu.

Mama alikuja kwangu amefunguka kitambaa kichwani, akanishika mabega. "Amekufa saa ngapi? Ulikuwa naye? Sema, Nuriat, amekufa saa ngapi?"

"Nani?"

"Mubarak! Mwanangu Mubarak!"

Nilianguka palepale langoni. Nilimaliza kilomita tisa bila kukaa chini, nikaangukia kifua. Sikujiuliza Mama amejuaje, wala kwa nini ananiuliza mimi. Niliamini. Mwili wa Mubarak umeishiwa kabla ya kilo zangu, ndilo wazo pekee lililokuwapo. Kilo tatu. Niliwaza ile sahani ya wali niliyokula kwenye harusi mwezi uliopita, nikajichukia kwa kila punje. Nilipiga ardhi kwa mikono nikapiga kelele ambazo sheikh alisema baadaye hazifai kwa Mwislamu, na mimi nikamwambia najua. Waliponiona vile, waliokuwa bado na shaka wakaacha kushuku, kilio kikapanda maradufu. Simu ya Hajarah ilikuwa haipatikani. Jembe lilikuwa linaingia udongoni, linatoka, linaingia. Nusu saa nzima niliishi katika dunia isiyo na Mubarak, na sitamani hata adui yangu apite hapo.

Kisha gari dogo la kukodi likapinda kutoka barabarani.

"Wanaleta mwili!" mtu akasema. Wanaume wanne wakaenda kupokea. Wachimbaji wakaegemeza majembe. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukatoka mguu mmoja wenye kandambili, ukatoka wa pili, na Mubarak akasimama, ameshika mfuko wa dawa, amekunja uso kwa lile jua la jioni.

"Assalamu aleikum," akasema. "Nani amekufa?"

Mwanamke mmoja alikimbilia kwenye mihogo na hakuonekana tena siku ile. Mama aliinuka, akavuka ua wote polepole, akamfikia, akampiga kibao cha shavu. Halafu akamkumbatia, akambana mpaka mfuko wa dawa ukadondoka.

"Usinifanyie tena hivi!"

"Mama, mimi nimefanya nini?"

Ilichukua muda kuelewana. Umeme ulikuwa umekatika Tororo jana yake, wakaambiwa warudi Jumatano, na simu ya Hajarah ilikuwa imeisha chaji tangu jana hiyo. Majirani walimwona alfajiri akipelekwa hospitali anajikongoja. Alasiri Odoi akafika anapiga honi kwamba dada mtu amepokea simu, anakimbia barabarani analia. Mwanamke mzima, tena mnene, hakimbii barabara ya Buteba kwa jambo lingine.

"We nlikuuliza!" Odoi akajitetea. "Ukataja jina, ukalia!"

"Sikulia! Lile lilikuwa jasho!"

Hapo ua mzima ulicheka, wengine bado machozi yako mashavuni. Mubarak alicheka kuliko wote, mpaka akashika ubavu. Kisha akatembea kwenda kwenye shimo, akachungulia.

"Nani alinipimia? Mbona fupi?"

Nilimfuata. Sikuwa na hamu ya kucheka. "Nimekimbia," nikamwambia. "Kutoka dukani kwangu mpaka lango lile. Sikukaa chini."

"Nasikia ulianguka langoni."

"Nilianguka nikiwa nimefika!"

"Dada." Sauti ikashuka. "Ule ulikuwa mzaha. Nilijua huwezi, ndiyo maana nikasema."

Hasira zote za miezi saba zilinitoka. "Sikiliza, Mubarak. Unaogopa nife, umkose dada. Mimi leo sikuogopa, mimi leo nimekukosa. Nusu saa nimelala pale kwenye tope huna uhai, na nilikuwa na figo yako tumboni mwangu. Unajua uchungu wake? Yako wewe, nimekaa nayo, haina kazi. Usiniambie habari za mzaha. Sitaki nikuzike na kitu chako kimo ndani yangu."

Alikuwa anatazama udongo mwekundu uliorundikwa kati ya shimo lake na kaburi la baba, hatua tatu tu. Hajarah alikuwa amesimama nyuma yetu, mkono mdomoni.

Bwire, mkubwa wa wachimbaji, alikuja akakohoa. Alitaka kujua habari za shimo. Kwao kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, wala halifukiwi tupu, lazima lipewe kitu cha kukaa mle badala ya mtu, na kitu hicho ni mgomba. Sheikh Nasuru akasema sisi hatuna hayo, lifukiwe tu. Bwire akasema yeye ndiye amelichimba kwa mikono yake, hawezi kulala usiku akijua liko vile.

"Leteni mgomba," Mama akasema.

Sheikh akamtazama Mama, akaona afadhali akaangalie tangi la maji. Wakakata mgomba mmoja nyuma ya jiko, mnene, wa urefu wa mtu, wakaulaza shimoni. Bwire akainua jembe aanze kufukia, Mubarak akamshika mkono.

"Subiri, mzee." Alilichukua jembe akalishika kwa mikono miwili, lilikuwa zito kwake siku ile. "Dada, umebakiza kilo ngapi?"

"Tatu."

"Daktari anakutaka lini?"

"Tarehe kumi na nne."

Akaninyooshea jembe. "Basi fukia wewe, zipungue."

Nililipokea. Wote walisimama kuzunguka, nami nikaanza kuushusha ule udongo wa mvua juu ya mgomba, mgongo unaniuma, jasho linaniingia machoni, safari hii nikiwa nalia kweli, na kila nilipoegemea jembe kuvuta pumzi Mubarak alinionyesha kwa kidole mahali palipobaki, akasema, "Bado hapa, dada. Bado kidogo."